Uzi: Miaka tisa nachora na kuchapa kwa mikono yangu hapa Amu (Lamu), na ule mlango ulivyonifunza

#1 mleta uzi

Asalam aleikum wadau. Humu mimi ni msomaji tu siku zote, siandiki. Basi wiki ilopita msichana mmoja wa hapa hapa mjini kanitumia meseji usiku, dada nataka kuacha kazi ya duka nichore tu, wewe waishije? Nkaanza kumjibu kwa simu nkaona jibu haliishi, nkasema wacha nilete huku wote wasome, na wenye kujua zaidi yangu wanirekebishe.

Mimi ni wa mtaa wa Langoni. Chuo cha sanaa sijakikanyaga. Kuchora nimekua nako nyumbani, mamangu ashona kofia, na kofia kabla haijashonwa yachorwa kwanza kwenye kitambaa, kwa hivo mimi toka darasa la nne nashika penseli namchorea, na jicho la mamangu si mchezo, ua moja likikaa kombo lafutwa lote, manake kofia moja yaweza kumkalisha miezi mitatu na hakuna mtu wa kukaa miezi mitatu juu ya mchoro mbovu. Kutoka hapo nkaingia hina. Bibi harusi wa kwetu hachorwi viganja peke yake, ni mikono mpaka yapite viwiko na miguu mpaka karibu na magoti, hina nyekundu na piko ile nyeusi, kazi ya usiku kucha na kesho yake mgongo hausemeki. (Na wale wanaotumia dawa ya nywele kuwa ndio piko ili iwe nyeusi tititi waache jamani, mna kitu chaitwa PPD mle chachoma ngozi, nimeuona kwa macho yangu mkono wa bibi harusi umejaa malengelenge siku ya kutolewa nje.)

Kwenye hina hakuna ubishi wa pesa. Mamake bibi harusi aja na arbuni, yani nusu ya pesa mbele, siku yaandikwa kwenye daftari, imekwisha. Harusi ikivunjika arbuni hairudi na hakuna anaelalamika, ndio ada.

Picha za karatasi nlianza 2016. Rangi za maji na wino, nachora mji: wikio zile zinazounganisha nyumba juu ya kichochoro, zidaka za ukutani, punda na mizigo ya mawe, mashua zikirudi jioni. Watu wakapenda. Mwaka wa pili jumba moja la wageni, silitaji na msiniulize, wakanambia niwachoree mlango wao. Ni mlango wa haki yake, mbao mbili za kuchongwa, mfaa katikati, daka lake na mabaraza huku na huku, na juu ya baraza moja nkamlaza paka manake kila nkienda nlimkuta pale pale. Siku sita. Wakanipa elfu kumi na mbili mkononi. Karatasi hakuna, meseji ya maana hakuna, walisema twataka picha ya mlango wetu iwe nzuri, nami nkasema sawa. Nlivojua mimi wataitia fremu waitundike ukumbini.

Ukapita mwaka na miezi. Binamu yangu alioko Nairobi kanitumia picha: mlango wangu uko kwenye mfuko wa kitambaa. Kisha kikombe. Kisha tisheti, kisha kijidaftari. Paka wangu yupo kalala vile vile ila sahihi yangu iliokuwa chini ya baraza imefutwa. Mfuko mmoja wauzwa elfu moja na mia tano. Hesabuni wenyewe, mifuko minane ishafika pesa yangu yote ya siku sita.

Nlilia wallahi, na si pesa ilioniliza, ni ile sahihi.

Nkaenda kuwaona. Wakaniketisha vizuri, wakanipa juisi ya ukwaju, wakanambia "lakini dada si tulinunua". Nkatoka pale nimeapa nawashtaki. Adhana ya magharibi hiyo, ntaendelea.

#3 mdau wa Mombasa

Usituache hapo dadangu. Ukawashtaki? Mimi napiga picha za harusi na yamenikuta kama hayo, picha yangu iko kwenye bango la saluni mpaka leo.

#4 mleta uzi

Sikuwashtaki, na sababu yenyewe ndio nnayotaka muisome polepole.

Nlimwendea wakili mmoja, mtu wa heshima zake, hakunitoza hata shilingi. Akafungua Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, akanisomea na kunifasiria. Picha ukiichora kwa kutaka kwako mwenyewe, hakimiliki ni yako toka pale imetua kwenye karatasi, huhitaji kujiandikisha popote ndio iwe yako (kule KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, waweza kuisajili na ni vizuri kwa ushahidi, ila usajili si sharti), na yakaa mpaka miaka 50 baada ya kufa kwako, wanao na wajukuu zako waile. Lakini ukiwa UMEAGIZWA, yani mtu kaja kakuambia nichoree kitu fulani ntakulipa, sheria yachukulia kuwa hakimiliki imehamia kwa yule alieagiza, isipokuwa muwe mmekubaliana vyengine. Someni tena hapo. Wale watu sheria ilikuwa upande wao. Mimi kwa kunyamaza kwangu nliwapa mlango mzima na mifuko yake na vikombe vyake kwa elfu kumi na mbili.

Na kilichonitia kiburi ni kusoma intaneti. Nlikuwa nimesoma ushauri wa wachoraji wa Uingereza wakisema picha ni yako, mteja kalipa lakini picha bado yako. Kwao ni kweli, kule mchoraji wa kujitegemea ndie mwenye haki mpaka aandike na atie sahihi kuwa ameihamisha. Huku kwetu mambo ni kinyume, ukinyamaza imehama. Kwa hivo ushauri wa kule msome, una faida nyingi, ila hili moja msilibebe mkaja nalo, litawazamisha kama lilivonizamisha.

Kuna kitu kimoja sheria iliniachia, kifungu cha 32. Hata hakimiliki ikihama, haki ya kutajwa kuwa wewe ndie mchoraji haihami, na mtu akiichezea picha mpaka ikakuvunjia heshima wapinga. Wakili akaandika barua ya ukurasa mmoja kuhusu ile sahihi. Na haki yao niiseme, waliirudisha kwenye mifuko ilofuata. Pesa sikuongezwa na sikudai tena.

Usiku ule nkakaa nkajiuliza mbona kwenye hina miaka yote sijadhulumiwa. Jibu likanijia pale pale nlipo. Hina nauza mikono ya mtu mmoja, wiki mbili imepauka, hakuna kilichobaki cha mtu kwenda kukiuza kwengine. Picha haipauki. Ikitoka mkononi mwangu yaenda kukaa inapotaka, yazaa, nami sipo. Basi kabla haijatoka lazima pawe pameandikwa itakaa wapi na kwa muda gani.

Toka hapo kalamu yangu haigusi karatasi ya mteja bila nusu ukurasa wa maandishi, kwa Kiswahili cha kawaida. Nani aagiza, picha ya nini, ukubwa gani, itatumika kufanyia nini, kutundikwa ukutani basi au kadi mia tano au jalada la kitabu, na kwa miaka mingapi. Marekebisho ni mara mbili, ya tatu yalipiwa. Arbuni nusu kama hina. Halafu mstari nisioubadilisha: "Hakimiliki ya picha hii inabaki kwa mchoraji. Matumizi yasiyotajwa hapa yataombwa na kulipiwa upya." Sahihi mbili, tarehe, naipiga picha kwa simu kila mtu abaki na yake. Wewe ndugu wa picha za harusi nawe ni hivo hivo, kifungu ni kimoja.

#7 mzee wa Mkomani

Mwanangu nimekusoma na pole yako. Lakini haya ya makaratasi mimi yanikereketa. Marehemu babangu alichonga milango hapa Amu miaka arubaini, hajaandikiana na mtu hata siku moja, mtu alikuwa aja baada ya alasiri wanywa kahawa wakubaliana, mlango watoka, pesa yaja. Ukimtolea mtu karatasi ni kama umemwambia sikuamini.

#8 mleta uzi

Shikamoo ami, na Mungu amrehemu babako, nafikiri milango yake nimeichora bila kujua.

Nami nlikuwa na fikra hio hio, nlikuwa naona haya kumtolea mtu mzima karatasi. Aliyenitoa haya ni mwalimu wetu wa chuo cha Qurani, nlipomsimulia akaniuliza aya ndefu kuliko zote ndani ya Qurani ni ipi? Nkamwambia aya ya deni, Suratul Baqara, ya 282. Akanambia haya, yasemaje? Yasema mkikopeshana kwa muda maalumu andikeni, na awepo mwandishi muadilifu, na mashahidi, na msichoke kuandika kiwe kidogo au kikubwa. Akanambia maneno haya hawakuambiwa maadui, waloambiwa ni waumini wenyewe kwa wenyewe. Toka siku hio haya ikanitoka.

Na ami kuna jambo jengine. Mlango wa babako ni mmoja. Akishautia kwenye ukuta hakuna mtu wa kuamka asubuhi akakuta imekuwa milango elfu moja. Picha yangu kwa simu na skana yawa elfu moja kabla ya kupambazuka. Babako alimuuzia mtu mlango, mimi nauza kitu ambacho hata mwenyewe sijui kitakuwa vingapi.

#9 mzee wa Mkomani

Hilo la mlango mmoja sikuwa nimelifikiri. Endelea mwanangu, nipo nasoma.

#11 mdau wa Tanga

Mkuu mleta uzi hongera, uzi umetulia. Mi nipo Tanga nachora pia. Sasa tuambie ukweli, kwa mwezi unaingiza shilingi ngapi? Maana kila mtu anasema anaishi kwa sanaa ila hakuna anayetaja hela.

#12 mleta uzi

Ntataja. Ila hesabu ya mwezi itakudanganya ndugu yangu, kazi hii yahesabiwa kwa mwaka.

Kwetu wageni wa nje waja Julai na Agosti, kisha Disemba mpaka Januari na kuendelea wakati wa kaskazi. Mei na Juni ni masika na kusi lavuma, bahari mbaya, mahoteli ya kijiji cha Shela mengi yafunga, mji watulia. Wenyewe kwa wenyewe twaja Mfungo Sita kwa Maulidi, mji wajaa watu wa pwani nzima, na hawa hawanunui picha za milango, milango wanayo kwao, wanunua vitu vyenye maandishi, jina la mtoto, dua, nami nimejifunza kuwachorea hayo. Harusi nazo zajazana Shaabani kabla ya kufunga na baada ya Idi. Ramadhani yenyewe harusi hakuna, basi huo ndio mwezi wangu wa vitabu vya watoto, mchana nyumba kimya nachora mpaka karibu na kufuturu.

Mwezi wangu mbaya mwaka jana ulikuwa Mei, elfu tisa na mia nne, na ndani ya hio elfu tano ni hina ya bibi harusi mmoja. Mwezi mzuri Disemba, laki moja na ushee. Ukiona mtu kaandika laki ya Disemba usidhani ndio kila mwezi, Disemba yangu ndio inayolisha Mei na Juni. Mwaka 2020 ndege ziliposimama mahoteli yote yakafunga na picha za wageni zikawa sifuri kwa miezi, harusi nazo zikafanywa za watu wachache, nliishi kwa kushona kofia na mama. Kwa hivo yule msichana alotaka kuacha duka namwambia usiache bado. Mimi hina sijaiacha mpaka leo na sioni aibu, hina ndio inayonipa nguvu ya kumwambia mteja mbaya hapana.

Na mambo ya kodi manake yalinitia presha bure. Kuna shirika lilinipa kazi ya mabango ya afya, elfu arubaini, zikaja thelathini na nane. Nkapiga simu nimewaka, kumbe si wizi. Kazi ya kitaalamu kama hii ikifika elfu ishirini na nne kwa mwezi anaekulipa akata asilimia 5 apeleka KRA, mamlaka ya kodi, halafu cheti chake chaonekana kwenye tovuti yao ya iTax kwa PIN yako ya kodi, na ukijaza ritani kabla haijapita tarehe 30 Juni ile elfu mbili yahesabiwa kuwa ushalipa. Wenzetu wengi hawajazi, basi yapotea. Siku hizi pia makampuni na mashirika yanataka invoisi ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, usipoweza kuitoa wakuruka waenda kwa mwengine, jifundisheni, kwa simu yafanyika na si kazi ngumu ukishaifanya mara mbili. Wa nje wanilipa kwa PayPal natoa kwa M-Pesa, makato yapo na bei ya dola yao si ile ya benki, kwa hivo bei ya mtu wa nje naiongezea hayo makato toka mwanzo.

#14 mchongaji wa Malindi

Dada mimi niko Malindi, nachonga, fremu za vioo, visanduku, samaki wa ukutani, nauzia watalii na maduka. Nimesoma huu uzi mara mbili. Sasa kuna mwenye hoteli hapa anataka nimchongee chapa za mbao za kupigia mashuka na mapazia yake yote, samaki, kasa, na minazi, chapa sita. Ameniuliza bei nkamwambia ntarudi. Ni kweli hata chapa iko na hakimiliki ama ni mbao tu? Na wewe nasikia wachapa kwa mbao, unatumia mbao gani?

#15 mleta uzi

Kakangu umenishika penyewe, hapa naweza kuandika mpaka alfajiri.

Kwanza haki. Mna vitu viwili ndani ya chapa na watu huvichanganya. Kuna ule mbao, huo ni mali ya kushikika, akinunua kanunua, ni wake, aweza hata kuutundika ukutani. Na kuna mchoro ulioko kwenye mbao, yule samaki na magamba yake kama ulivomuwaza wewe, hio ni kazi ya sanaa kama picha. Huyo amekuagiza, kwa hivo bila maandishi vyote viwili vyahama. Na chapa ni hatari kuliko picha yangu ya mlango, manake kazi yake chapa ni kuzaa tu, ukimpa bila masharti umempa kiwanda. Leo ni mashuka ya hoteli yake, kesho ni mashuka ya kuuza, keshokutwa kapeleka mtindo kwa mashine. Andika: mashuka na mapazia ya hoteli hii, si ya kuuza, miaka kadhaa, mchoro wabaki wako nawe una ruhusa kuutumia kwengine au huna, na hilo la mwisho muulize, manake wengine hawataki kasa wao aonekane hoteli ya jirani, na kama hataki basi hio nayo ina bei yake.

Mbao. Mimi natumia mwembe, wapatikana, bei yake nafuu, wakamata mchoro vizuri ila lazima uwe umekauka haswa. Nliwahi kuchonga mbao uliokuwa bado na maji ndani, chapa ikapinda wiki ya tatu, katikati haigusi kitambaa, nkaenda nkaanza upya. Huku pwani unyevu hautoki, kwa hivo usiamini mbao umekauka kwa kuutazama, uulize umekatwa lini. Kwa picha za karatasi nachonga lino, ile shiti ya kuchongea, badala ya mbao, laini, kisu chaenda kama siagi, lakini yauzwa Nairobi na yaja kwa basi, Mombasa, Malindi kwako hapo, Garsen, Witu, Mokowe, halafu boti, halafu punda mpaka mlangoni. Karatasi zangu pia zafika hivo hivo, zile nzito za pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, na kila moja naihesabu.

Kitambaa nachapa juu ya vipande vya tanga kuukuu. Manahodha wakibadilisha tanga lile la zamani lauzwa au latupwa, limepigwa na jua na chumvi miaka, lina viraka vya sindano ya mkono, na mimi naona rangi yake ile hakuna kiwanda cha kuitoa. Nalifua mara tatu chumvi iishe, manake chumvi ikibaki wino haushiki. Mifuko, vifuniko vya mto, picha za kutundika. Wakati wa kaskazi wino wa mafuta wakauka siku mbili tatu, masika nimengoja siku kumi na bado wapaka kidole, kwa hivo mteja wa Mei namwambia mapema muda utarefuka na naliandika hilo pia.

Na koga! Wachoraji wa pwani linaloua kazi zetu ni hili, wala si wateja. Nyumba za mawe na boriti ni baridi nzuri lakini kuta zapumua maji, ukiegemeza picha ukutani miezi sita nyuma yake madoa ya kahawia. Picha zangu nafungia kwenye mikebe ya biskuti ile mikubwa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavokuja ndani ya viatu vipya, ndugu zangu wote wanikusanyia. Na kila picha naiskani siku ile ile imekauka, nukta 300 kwa inchi kwa saizi yake au zaidi, ili hata koga ikila, kazi ipo.

Nyengine ni rangi, hii nlilipa kwa pesa yangu. Nliwahi kupeleka kadi mia mbili zichapwe Mombasa, bahari nlioichora ni ile buluu ya saa nne asubuhi mbele ya kisiwa cha Manda. Zikaja bahari imekufa, kijivu. Nkamlaumu mchapaji na hakuwa na kosa. Kioo cha simu chatoa rangi kwa mwanga, mashine yachapa kwa wino nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna buluu na kijani ambazo mwanga wazifika na wino hauzifiki. Siku hizi naomba wanichapie moja ya majaribio na wanitumie kwa basi, naingoja, hata ikichukua siku tatu. Mtu wa haraka simfai.

#17 mdau wa Mombasa

Mimi ile ya saluni nimewaandikia leo kwa upole. Wamesema wataweka jina langu. Nimeanzia hapo.

#20 mchongaji wa Malindi

Dada nimerudi. Nimempelekea karatasi, nimeiandika kwa Kiswahili na kijana wangu akaiweka Kiingereza upande wa pili. Amesoma yote, ule mstari wa hakimiliki akaupiga kalamu, akasema anataka kila kitu kiwe chake milele na ataongeza pesa. Bei yangu ya kuchonga ilikuwa elfu thelathini kwa chapa sita, amesema atatoa elfu hamsini niandike nimeuza vyote. Nimemuomba mpaka Ijumaa. Elfu ishirini ya juu si kidogo kwangu mwezi huu, nisifiche. Wewe ungefanyaje?

#21 mleta uzi

Kakangu mimi siwezi kukuamulia, njaa ya nyumba ya mtu haijulikani na jirani. Ila wacha nikuonyeshe nnavohesabu.

Jiulize wale samaki na kasa wangekuingizia nini kwengine kwa miaka mitano. Wewe wauza visanduku na fremu, je ule mchoro wa kasa wautumia humo? Kama wautumia na ukauza vyote milele, siku ukichonga kasa yule yule juu ya kisanduku umemwibia yeye, wewe mwenyewe mwenye mkono. Hilo ndilo zito kuliko ile elfu ishirini. Kama ni michoro mipya ambayo huna haja nayo kwengine, kuuza si haramu, nimeuza picha mbili tatu hivo, ila kwa kuuza moja kwa moja mimi huanzia mara tatu ya bei ya kazi, yani kwako ingekuwa elfu tisini, na jina langu labaki.

Na usimjibu ndio au la. Muulize aogopa nini. Mara nyingi mteja akipiga kalamu mstari ule ni kwa kuwa aogopa utamuuzia hoteli ya jirani, basi. Hio dawa yake si kuuza milele. Mpe miaka ambayo ni yeye peke yake, kwa mashuka na mapazia, umuongeze bei kwa hio miaka, na mchoro ubaki kwako kwa visanduku vyako.

#24 mchongaji wa Malindi

Ilikuwa ni hio hio, hoteli ya jirani. Tumekaa juzi baada ya swala ya Ijumaa. Miaka mitatu yeye peke yake Malindi yote kwa vitambaa, mimi nabaki na michoro kwa vitu vya mbao, elfu arubaini na tano, jina langu dogo kwenye pindo la kila shuka. Arbuni imeingia sa hivi, ndio nashika simu mkono watetemeka. Naanza na kasa.

#25 mleta uzi

Mashallah tabarakallah. Kwenye pindo! Hata mimi sikuwahi kulifikiria hilo, ntalichukua.

Kabla hujaanza kasa chonga kwanza kipande kidogo cha mbao ule ule, kipige chapa kwenye kitambaa chake cha kweli, si kitambaa chako, mwombe akupe nusu mita. Mashuka ya hoteli mengine yamechanganywa polyesta na wino wa pamba hautashika vizuri. Ukishajua hilo ndio uchonge zote sita. Ntumie picha ya ile ya kwanza, na mimi natoka, kuna bibi harusi ananingoja Shela na boti ya mwisho yaondoka.